Mrejesho: Nilikwenda kuchota udongo

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama inafaa mimi, Mtanzania ninayeishi Alabama, kushiriki kuchota udongo wa kumbukumbu mahali Mmarekani mweusi alipouawa na kundi la wazungu enzi za ubaguzi wa rangi. Wengi mlisema niende. Nimekwenda.

Jina la marehemu lilisomwa kwa sauti, kisha kila mmoja akatia udongo kidogo kwenye chupa ya kioo yenye jina lake na tarehe ya kifo. Bibi mmoja wa ukoo wake alipiga magoti akachota kwa mikono mitupu. Hapo machozi yalinitoka. Nilikumbuka kwetu tunavyotupia udongo kaburini, kila mtu kwa mkono wake.

Chupa itapelekwa Montgomery, kwenye makumbusho ya Equal Justice Initiative, shirika la kutetea haki. Mji huohuo una eneo la kumbukumbu lililofunguliwa 2018: nguzo za chuma zaidi ya 800, zimechongwa majina ya waliouawa kaunti kwa kaunti, watu zaidi ya 4,400 kati ya 1877 na 1950.

Kwa yule aliyehofia kwamba wenyeji wataniona mgeni: yule bibi ndiye aliyenishika mkono akanisogeza mbele nichote.