Sauti ya TV haieleweki, mama hasikii maneno. Spika janja itasaidia?

mwana_tabata:
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa mnaojua mambo ya sauti. Nakaa na mama yangu hapa Tabata, ana miaka 71, masikio yameanza kuchoka, sio sana, ukiongea nae uso kwa uso anakusikia vizuri tu ila TV ndo inamshinda. Tuna TV ya inchi 43 hizi flati nyembamba na king'amuzi cha Azam, kila siku taarifa ya habari ya saa mbili lazima aniulize "kasemaje huyo?" nikiongeza sauti inakuwa makelele mpaka jirani anasikia na bado maneno hayashiki.

Sasa shemeji yangu yupo Ohio, alikuja likizo akatuletea Echo Dot, spika janja ndogo ya Amazon, ile ya mviringo iliyotoka 2020, nikasema hapa tumepona. Nimeiunganisha na TV kwa Bluetooth, maneno kweli yanasikika kuliko mwanzo ila sauti inachelewa, mtangazaji keshafunga mdomo ndo neno linafika, mama anasema inamchanganya bora niizime. Nikaona kwa nyuma ina tundu la jeki, nikanunua waya wa jeki huku na huku, nikachomeka kutoka tundu la hedifoni la TV kwenda kwenye spika, kimya kabisa hata mlio hakuna. Nimekosea wapi? Au hii spika haifai kwa TV niachane nayo?

fundi_wa_spika:
Mkuu hujakosea, ni hilo tundu. Kwenye Echo Dot hiyo tundu la jeki ni la kutoa sauti tu, yaani limewekwa ili uipeleke sauti ya Dot kwenye redio au sabufa kubwa, haliingizi kitu hata ubadilishe waya kumi. Inayoingiza ni Echo yenyewe ile kubwa, nayo ilitoka 2020 na umbo ni hilo hilo la mpira ndo maana watu wanachanganya, ile tundu lake unaligeuza kwenye apu ya Alexa (apu ya simu ya kuongozea spika hizi), unaingia setingi za hiyo spika sehemu ya AUX unachagua Line In (kuingiza sauti) badala ya Line Out (kutoa). Na Echo Studio ya 2019 pia inaingiza, tena inapokea mpaka ule waya wa taa nyekundu (optical).

Kuhusu kuchelewa usiilaumu spika. Bluetooth lazima iibane sauti, iipakie, irushe, halafu upande wa pili ifunguliwe na isubiri kidogo isikatike katike, hapo umeshapoteza kama sekunde 0.2 na jicho la mtu linaona hiyo tofauti haraka sana kwenye midomo. Wengi wanakimbilia setingi ya kuchelewesha sauti kwenye TV, sasa fikiria, sauti tayari iko nyuma unaichelewesha tena ya nini? Ile ni ya pale sauti inapotangulia picha. Kinachotakiwa hapo ni picha ndo isubiri, na TV nyingi hazina uwezo wa kuishika picha inayotoka king'amuzi.

Chuma_Ulete:
Mnazunguka sana wakuu, nenda Kariakoo chukua sabufa yako safi maisha yaendelee. Mimi nina yangu mwaka wa tano huu, mpira nausikia kama niko uwanja wa Mkapa.

fundi_wa_spika:
Chuma nakuheshimu ila kwa mama wa miaka 71 hapana. Sabufa za kwetu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya besi, na mtu akizeeka sauti anazoanza kupoteza ni zile nyembamba za juu, herufi kama s, f, sh, th. Ndo maana anakwambia anasikia lakini haelewi, saba na shaba kwake ni kitu kimoja. Ukimwekea besi unafunika hata hicho kidogo alichobakiwa nacho. Hata hizo TV nyembamba tatizo lake ni hilo hilo, spika zimetazama chini au nyuma ukutani, sauti inagonga ukuta na meza kwanza ndo inamfikia mtu.

Kama sabufa ipo nyumbani sawa aitumie ila ashushe besi chini kabisa na apandishe trebo.

binti_wa_kisauni:
Salaam aleikum jamaa. Mimi niko Mombasa na haya mambo nimeyapitia na babangu, kwa hivyo wacha nikueleze vile tulifanya. Tuko na hiyo Echo kubwa ya 2020 anayosema fundi, tulitoa waya wa mita 5 kutoka tundu la hedifoni la TV ukapita nyuma ya makochi, na spika HATUKUIWEKA karibu na TV. Tuliiweka kwa stuli kando ya kiti cha baba, mkono wake unafika. Hiyo ndiyo siri. Watu huweka spika pale mbele halafu wanaongeza sauti nyumba nzima ipige kelele, ilhali ukimsogezea mzee spika anasikia vizuri na sauti ikiwa chini, na watoto wanalala chumba cha pili hawana habari.

Uzuri mwengine, sauti ikitoka tundu la hedifoni bado rimoti ya TV inaipandisha na kuishusha. Ukitumia lile tundu la taa nyekundu sauti huwa inatoka kiwango kimoja tu kwa TV nyingi, rimoti haifanyi kazi, basi itabidi mzee afinye vitufe vya spika au aizungumzie, na Alexa, ile sauti ya ndani ya spika inayopokea amri, haijui Kiswahili. Babangu Kiingereza anakijua lakini hataki kuongea na spika ndani ya nyumba yake, nami siwezi kumlazimisha. Kuna kitufe cha kuzima maikrofoni juu pale, kifinye taa iwe nyekundu, la sivyo neno likitoka kwa TV linafanana na "Alexa" spika inaitika katikati ya habari.

mwana_tabata:
Dah asanteni sana, nimejifunza vitu ambavyo muuzaji wa waya hakuniambia. Dada wa Kisauni hiyo ya kuweka spika kando ya kiti sikuwahi kuifikiria kabisa. Swali, waya ukichomekwa spika za TV zinazima? Maana na sisi wengine tunataka kusikia.

binti_wa_kisauni:
Yetu huzima zenyewe. TV zingine kwa setingi za sauti utaona mahali pa kuruhusu zote mbili zilie pamoja, angalia. Kwa waya hutasikia mwangwi wa maana, kwa Bluetooth ndio ungesikia neno mara mbili.

mtu_wa_maskati:
Niongeze kidogo kwa wengine watakaosoma. Mimi huku Maskati natumia Fire TV Stick 4K (kijiti cha Amazon cha kuchomeka kwenye HDMI ya TV) na Echo, vinaungana kwa waifai bila waya na midomo inaenda sawa na sauti, kwa sababu kile kijiti ndo kinachocheza picha NA ndo kinachotuma sauti, kwa hiyo kinajua kuisubirisha picha. Vile vile kwa kisanduku cha Apple TV 4K na HomePod, spika janja ya Apple. Ila jueni kwamba kwa Fire TV inayopita kwenye Echo ni sauti ya hicho kijiti pekee, yaani Youtube na filamu. King'amuzi kikiwa HDMI ya pili sauti yake inabaki kwenye TV. Apple TV 4K kuanzia ile ya 2021 inaweza kuchukua sauti ya TV nzima kupitia HDMI ARC (tundu la HDMI linalotoa sauti ya TV) ikaipeleka kwenye HomePod kubwa, inafanya kazi vizuri ila kwa taarifa ya habari ya mama ni gharama isiyo na sababu.

Halafu kaka kabla hujanunua chochote, ingia setingi za king'amuzi, sehemu ya sauti ukikuta imewekwa Dolby ibadilishe iwe stereo au PCM, yaani sauti ya kawaida ya spika mbili. Wakati mwingine sauti iliyochanganywa kwa ajili ya spika tano ikibanwa kwenye mbili za TV, maongezi ndo yanadidimia na muziki unabaki juu. Na kitu chochote cha umeme kinacholetwa toka Marekani soma maandishi ya adapta kwanza, ikiwa INPUT 100-240V chomeka, ikiwa 120V tu usiguse.

fundi_wa_spika:
Point ya PCM ni muhimu sana hiyo. Na kama sebule ni vigae vitupu na madirisha hayana mapazia, tandika hata mkeka au zulia, sauti inarukaruka mno kwenye chumba kitupu na mzee ndo anaumia zaidi.

mwana_tabata:
Wakuu narudi na mrejesho, samahani wiki tatu zimepita. Siku ile ile nilibadilisha king'amuzi kutoka Dolby kwenda PCM, unafuu ulikuwepo kidogo, mama mwenyewe alisema leo wanaongea taratibu. Kisha nikamweleza shemeji, rafiki yake alikuwa anakuja akampa ile Echo kubwa, adapta tumesoma ni 100-240V. Nimevuta waya mita 5 kama alivyosema dada, Line In nimeiweka, spika ipo kwenye kimeza kidogo alipokuwa anawekea miwani yake. Mwanzo kulikuwa na mvumo mmm mfululizo, kumbe waya niliupitisha pamoja na waya za umeme za ekstensheni, nilipoutenganisha ukapungua mpaka huusikii.

Zamani sauti ya TV ilikuwa 45 sasa hivi tunaangalia kwenye 20. Umeme ukikatika ukirudi haina haja ya kuunganisha upya kama ilivyokuwa kwenye Bluetooth. Mvua ya juzi ndo ilitushinda, bati lile linapiga hakuna spika itakayoshindana nalo, tulizima tukasubiri.

Ile Dot nimeihamishia chumbani kwake anasikilizia kaswida asubuhi. Na jana nilichelewa kurudi kazini foleni ya Mandela, nimefika saa tatu kasoro, nikamkuta kakaa, akanisimulia yeye habari yote ya saa mbili mwanzo mwisho mpaka bei ya mafuta ilivyobadilika.