Tovuti mpya ionekane kwenye utafutaji: ramani ya tovuti, maombi ya mkono au IndexNow?

mjenzi_kurasa:
Wakuu, tovuti ina kurasa 60, kikoa ni kipya, na hakuna tovuti nyingine yenye kiungo cha kuja kwake. Kati ya kupeleka ramani ya tovuti (faili yenye orodha ya anwani zake) Google Search Console, yaani zana ya Google ya wenye tovuti, kuiomba humo kwa mkono iorodheshe ukurasa mmoja mmoja, na kutumia IndexNow (njia ya kuzijulisha injini za utafutaji kuhusu anwani mpya), ipi itangulie? Na huduma za kulipia zinazoahidi kuorodhesha haraka, yaani kuingiza kurasa kwenye faharasa ya utafutaji, zina maana?

Fundi_Seva:
Ramani ya tovuti. Ila kwanza thibitisha umiliki kwa rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) kwenye DNS, yaani mipangilio ya kikoa, maana inachukua kikoa kizima: http na https, yenye www na isiyo nayo. Ukithibitisha kwa faili ya HTML, unapata toleo moja tu la anwani. Mtu anasajili ya http, tovuti inafunguka kwa https, halafu anashangaa takwimu hazionekani.

Faili moja ya ramani hubeba hadi anwani 50,000 au MB 50 kabla ya kubanwa, kwa hiyo kurasa 60 ni chache sana. Weka zile tu zinazojibu 200, yaani zinazofunguka sawa; zinazoelekeza kwingine na zenye noindex (alama ya kukataza kuorodheshwa) zitoe. Usihangaike na sehemu za priority (umuhimu) wala changefreq (kasi ya mabadiliko) za ramani hiyo, Google haizijali. Lastmod, tarehe ya badiliko la mwisho, inaijali, ilimradi tarehe ziwe za kweli. Programu ikibandika tarehe ya leo kwenye kurasa zote kila usiku, umeiharibu mwenyewe.

zawadi_k:
Naunga mkono. Maombi ya mkono yabakize kwa ukurasa wa mwanzo na kurasa nne tano muhimu. Yana kikomo cha siku, na kuomba anwani ileile mara kumi hakuisogezi mbele kwenye foleni.

Huduma za kulipia ziache. Hakuna anayeweza kuuza nafasi kwenye faharasa ya Google. Zile zinazopitia API yake ya uorodheshaji (njia ya programu kuwasiliana na Google) zinaitumia nje ya kazi yake: imewekwa kwa kurasa za nafasi za kazi na za video za matangazo ya moja kwa moja tu.

Bahari_2:
Nabishana kidogo: IndexNow isisubiri, fanya siku hiyohiyo. Google haiitumii, lakini Bing na Yandex, walioianzisha 2021, wanaitumia, na matokeo ya DuckDuckGo kwa sehemu kubwa yanatoka Bing. Tengeneza ufunguo wa herufi 8 hadi 128, uandike ndani ya faili ya .txt yenye jina hilohilo, iweke kwenye mzizi wa tovuti, kisha tuma anwani zote 60 kwa POST moja (ombi moja la kutuma data). Seva yao hujibu kwa namba: ukijibiwa 403, ufunguo haujaonekana au haulingani. 422 mara nyingi ni anwani zisizo za kikoa hicho. 200 maana yake wamepokea, si kwamba wameorodhesha.

Fundi_Seva:
Sawa, nakubali. Lakini njia zote tatu zinakwama hapa, kwenye robots.txt (faili ya kuzielekeza roboti za utafutaji) iliyosahaulika tangu wakati wa majaribio, ikizuia tovuti nzima:

User-agent: *
Disallow: /

Kwenye WordPress angalia pia kile kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji, kwenye mipangilio ya usomaji. Kisha endesha amri ya curl -I kwa anwani yako utafute X-Robots-Tag, ambayo inaweza kubeba noindex. Hiyo hutumwa na seva, huwezi kuiona ukifungua msimbo wa ukurasa. Na hakikisha canonical (alama inayotaja anwani rasmi ya ukurasa) haielekezi kwenye kikoa cha majaribio.

mjenzi_kurasa:
Nimeelewa, asanteni. Ripoti ya Search Console ikisema ukurasa "umegunduliwa" lakini haujaorodheshwa, na mwingine "umetambazwa" lakini haujaorodheshwa, tofauti ni nini?

zawadi_k:
Uliogunduliwa, Google inaijua anwani ila roboti yake (programu inayosoma kurasa) haijafika. Mara nyingi ukurasa uko kwenye ramani tu bila kiungo cha ndani, au seva inajibu polepole. Uwekee kiungo kwenye ukurasa wa mwanzo au wa kundi lake. Uliotambazwa, roboti imekuja, imesoma, ikauacha. Hapo kuomba tena hakusaidii: linganisha maandishi yake na kurasa zako nyingine, na kama mbili zinasema jambo moja, ziunganishe na uweke uelekezaji wa 301 (wa kudumu) kutoka ya zamani.