Mjadala: Chaplin au Keaton, nani alijua kupenda bila kutamka neno?

Wadau, jana tumebishana na shemeji yangu mpaka chai ikapoa. Yeye anasema kwenye filamu bubu hakuna mapenzi kama ya City Lights ya Charlie Chaplin, 1931. Mimi nasema The General ya Buster Keaton, 1926, na sirudi nyuma.

Shemeji ana hoja, simnyimi. Charlie Chaplin kakaa pembeni anamtazama yule muuza maua kipofu, kimya kabisa. Binti anasuuza chombo chake, anamwaga maji, yote usoni kwa jamaa. Naye ananyata zake, asijulikane kama alikuwepo. Hapo nakubali, kicheko na huba vimekaa pamoja. Ila ule mwisho wanaousifia wote, binti anapoutambua mkono wa jamaa, vichekesho vimeshafukuzwa. Chaplin akitaka ulie, kwanza anakukataza kucheka.

Keaton hakukatazi. Kwenye The General ni dereva wa treni, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Jeshi limemkataa kwa kuwa anafaa zaidi kwenye treni, lakini hakuna aliyemwambia sababu. Mchumba anamwona mwoga, anamwacha. Anakwenda kukaa juu ya kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu ya kichwa cha treni, kainama. Treni inaondoka. Chuma kinampandisha, kinamshusha, kinampandisha, yeye hana habari. (Na ni yeye mwenyewe pale; magurudumu yangeteleza kwa kasi, tungekuwa tunaongea mengine.) Nionyesheni huzuni ya kuachwa iliyochorwa vizuri kuliko hiyo.

Baadaye wanakimbizwa na adui, moto unahitaji kuni. Mchumba anaokota gogo, analitazama, analitupa nje kwa sababu lina tundu! Kisha anatia kijiti kwenye tanuri. Keaton anampa kibanzi kidogo zaidi kwa kumkejeli, na bibie anakitia kweli. Jamaa anamkaba shingo, anamtikisa, halafu hapohapo anambusu.

Mke wangu, aliyekuwa kimya muda wote, ndipo akafungua mdomo: "Kukabana ndiyo mahaba?" Shemeji akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nilisema ni mzaha wa watu waliokwisha zoeana, wasiofichana hasira. Hakuridhika.

Haya, wenye macho: pale Keaton kaharibu, au ndipo alipowapita wote?