Naombeni ushauri: binti yangu anawapenda chipukizi wa Orioles, halafu wanauzwa

BabaZuhura:
Wakuu, habari za jioni. Nilitoka Tanga kuja Baltimore 2017, na mwaka uliofuata Orioles, timu ya besiboli ya hapa, wakapoteza mechi 115. Ndiyo timu niliyoipenda hivyohivyo. Ilipofika 2021 wakapoteza 110, mimi na binti yangu tukahamishia macho kwenye ligi za chini, kule vijana wanakolelewa kabla ya kupandishwa. Zuhura sasa ana miaka 12 na ana daftari. Kila chipukizi ana ukurasa wake: umri, daraja, mara alizopiga, mara alizotolewa kwa straiki (nafasi zake tatu za kupiga zikiisha).

Daftari hilo limetupa furaha kubwa. Gunnar Henderson alichaguliwa wa 42 katika drafti ya 2019, pale timu zinapochagua vijana kwa zamu, na 2023 akawa Chipukizi Bora wa Mwaka. Msimu huo tulishinda mechi 101! Lakini Julai 2024 vijana wetu wengine wa daftarini, Kyle Stowers na Connor Norby, wakapelekwa timu ya Miami ili tumpate mrushaji Trevor Rogers. Mtoto alilia siku nzima. Msimu wa 2025 Stowers akaenda All-Star, mechi ya nyota wa ligi, na jezi ya Miami, sisi tukashika mkia kwenye kundi letu: ushindi 75, vipigo 87. Ameniuliza, "Baba, sasa tunawapendea nini kama watauzwa?" Sikuwa na jibu.

Nimuache aendelee na daftari, au nimwelekeze kwa waliokwisha kukaa timu kubwa? Nina bajeti ya safari moja tu mwakani.

Mdakaji77:
Pole mkuu, pole na kwa mtoto. Mwoneshe na ukurasa wa pili wa biashara ile. Rogers 2025 aliruhusu wastani wa pointi 1.81 kwa kila iningi tisa, yaani mechi nzima; hiyo ni ndogo sana. Timu isiyokuwa na warushaji italeaje wapigaji tu miaka yote? Kilichoniuma mimi ni mrushaji Corbin Burnes: ili tumpate tulitoa vijana Joey Ortiz na DL Hall, akarusha msimu mmoja, akaenda Arizona. Hiyo hadi leo sijaimeza.

MamaSalma_Norfolk:
Kaka, usimnyang'anye mtoto daftari. Mimi naishi Norfolk, dakika kumi kutoka uwanja wa Harbor Park. Hapa wanacheza vijana wa Orioles wa daraja la AAA, hatua ya mwisho kabla ya timu kubwa. Nilimwona Samuel Basallo, kijana wa Jamhuri ya Dominika, mdakaji (anayepokea mipira ya mrushaji) mwenye mkono mzito. Mpira ukitoka kwenye gongo lake unausikia kabla hujauona. Agosti 2025 alipandishwa, na siku chache baadaye wakampa mkataba wa miaka minane, dola milioni 67, naye alikuwa ndio kwanza ametimiza 21. Huyo ana ukurasa?

BabaZuhura:
Anao dada, kurasa mbili. Ameuchora na uso wake.

Kijiti:
Ushauri wangu ni wa kiufundi. Afundishwe kusoma umri pamoja na daraja. Kijana wa miaka 20 anayepiga wastani AA, daraja moja chini ya AAA, akishindana na watu wa 24, ana habari njema kuliko wa 25 anayetamba hapohapo. Halafu atazame kama anajua kuuacha mpira mbaya upite. Warushaji asiwawekee moyo mapema, viwiko vyao vinakatika. Na asimfute mtu haraka: Jackson Holliday, chaguo la kwanza la 2022, alipopandishwa Aprili 2024 alipata mipigo 2 katika majaribio 34, akatolewa kwa straiki mara 18, akarudishwa Norfolk. Siku aliyorudi mwezi Julai alipiga homu rani (mpira wa kuvuka uzio) besi zote zikiwa zimejaa wenzake, pointi nne kwa mpigo mmoja.

Mganda_Mwenzenu:
Mwambieni pia kuhusu Dennis Kasumba, mdakaji wetu wa Uganda. 2023 alivaa jezi ya timu ya Frederick Keys, humohumo Maryland, jimbo la Baltimore. Hakuwa mali ya Orioles, lakini kwa mtoto wa Afrika Mashariki naye anastahili ukurasa.

MamaSalma_Norfolk:
Kuhusu swali lake: mpwa wangu naye alikuwa analia hivyo. Tulimwambia aliyeuzwa hafi, amehama mtaa. Anaendelea kumjazia takwimu huko aliko. Zuhura aandike Stowers na Norby nyuma ya daftari, sehemu ya "waliohama".

BabaZuhura:
Hilo nimemsomea sasa hivi, kaenda kutafuta rula. Ahsanteni sana. Safari nimeiamua: Bowie, kwa Baysox wa daraja la AA. Ni karibu, tiketi nafuu, na vijana husogea kwenye uzio kusaini kabla ya mechi. Norfolk ni saa nne barabarani, tutaiwekea akiba.

MamaSalma_Norfolk:
Mkija, mnafikia kwangu. Mwambie aje na daftari, nimwongezee wa hapa.