Nikikanyaga breki, indiketa za nyuma zinaganda

Pikipiki ya zamani, volti 12. Nikikanyaga breki, indiketa zinaacha kupepesa na taa ya nyuma inafifia. Betri inasoma 12.6, fyuzi ni nzima. Nianzie wapi?

Jibu 1
Ethi ya nyuma hiyo, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Umeme ukikosa njia hiyo, unapitia balbu nyingine, ndiyo maana taa moja inaivuta nyingine. Flasha (kifaa kinachopepesa indiketa) iache kwanza. Weka mita kwenye volti 20 DC: waya mweusi kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri, si kwenye kibano chake; mwekundu kwenye chuma cha holda ya taa. Mtu akanyage breki. Ikizidi volti 0.2, hamishia mwekundu kwenye fremu. Namba ikishuka ghafla, ubovu uko kati ya holda na fremu. Isiposhuka, fuata waya wa betri kwenda kwenye fremu.

Jibu 2
Na usiridhike na kupima ohm (ukinzani wa waya). Waya uliobakiza nyuzi mbili utasoma karibu sifuri, ila ukipewa mzigo unashindwa. Mara nyingi ni bolti iliyokazwa juu ya rangi au kutu. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu.

Jibu 3
Kama holda imekaa kwenye raba au madigadi ya plastiki, vuta waya wake wa milimita 1.5 za mraba moja kwa moja hadi hasi. Kagua mbele pia: zungusha usukani taa ikiwaka. Ikichezacheza, huenda ethi inapitia beringi za usukani, zenye grisi tele inayozuia umeme.