Kenya 2024: Mswada wa Fedha uliangukaje, na mbona kodi nyingine zilirudi?

Mdau_Moro
Wakuu, 25 Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia hadi ndani ya Bunge, kesho yake Rais Ruto akagoma kusaini huo mswada wa kodi. Lakini Desemba kuna kodi zikapita. Kisheria iliwezekanaje? Na ile barua ya kuwataarifu polisi kabla ya kuandamana ni lazima?

Karani_wa_Nje
Kifungu cha 115 cha Katiba kinampa Rais siku 14: asaini, ama aurudishe mswada Bungeni na sababu. Ruto aliurudisha akitaka vifungu vyote vifutwe. Kumpinga kulihitaji theluthi mbili, yaani wabunge 233 kati ya 349, na walioupitisha walikuwa 195 tu. Ukafia hapo.

Ila hakuna sheria inayoizuia Serikali kuleta mswada mwingine. Ule wa marekebisho ya sheria za kodi ulisainiwa 11 Desemba, na kodi ya kampuni za kigeni zinazouza huduma mtandaoni ikarudi humo. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% ya mkate haikurudi. Hiyo ya mkate, kamati ya fedha ya Bunge iliitupa mapema, 18 Juni, siku maandamano yanaanza.

Sheria_Mkononi
Na ndiyo maana mswada hubanwa kwenye kamati, kupitia maoni ya umma (Kifungu cha 118). Ukituma barua pepe ya "tunakataa wote", kamati haina pa kuiweka. Chora jedwali la safu tatu: namba ya kifungu, maneno unayotaka yafutwe au yaongezwe, sababu. Lifike kwa Karani wa Bunge kabla ya tarehe iliyotangazwa gazetini. Kazi ya kuchosha, najua.

Barua ya polisi: Sheria ya Utaratibu wa Umma, kifungu cha 5. Inaenda kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) siku 3 hadi 14 kabla, ikiwa na jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, njia, na saa kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Ni taarifa, si ombi la kibali. Tatizo la 2024 lilikuwa hapo: harakati isiyo na kiongozi, nani aweke jina?

Mdau_Moro
OCS akikaa kimya je?

Sheria_Mkononi
Kimya chake si katazo. Sababu anayopewa na kifungu hicho ya kukujibu kwamba haiwezekani ni moja: kuna wengine walishatoa taarifa ya mahali na saa ileile, na lazima akujulishe kwa maandishi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo.