Transmission inasema poti imefungwa: kosa ni la ruta au ukuta-moto?

Swali (Goma, Himbi): Ndugu zangu, Transmission (programu ya kushusha na kugawa faili za torrent) kwenye Ubuntu inasema poti 51413 imefungwa. Inashusha polepole na faili ninazogawa hazichukuliwi. Nianzie wapi?

Jibu (Lubumbashi): Kwenye kompyuta fungua ukuta-moto: andika `sudo ufw allow 51413`, bila kutaja itifaki, ili TCP na UDP (itifaki mbili za kusafirisha data) zifunguke pamoja. Kisha ingia kwenye ruta, mara nyingi 192.168.1.1. Ifungie kompyuta anwani moja ya ndani, tuseme 192.168.1.50, kwa kutumia MAC yake (namba ya kadi yake ya mtandao). Wengi huruka hapa: umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa anwani nyingine, na poti inabaki imeelekezwa kusiko na mtu. Ndipo uelekeze 51413 ya nje kwenda 192.168.1.50.

Jibu (Bukavu): Kaka, kwanza tazama kwenye ruta anwani ya WAN (ya upande wa intaneti). Ikianguka kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma, yaani wateja wengi mnatumia anwani moja ya umma. Modemu za SIM ziko hivyo mara nyingi. Hapo ruta haikusaidii, omba anwani ya umma. Na DMZ ya ruta (inayoelekeza kila poti kwenye kompyuta moja) usiiguse kabisa, inaacha poti zote wazi.

Jibu (Goma): Pima poti Transmission ikiwa imewashwa. Ikizimwa, poti itaonekana imefungwa hata kama yote ni sahihi.